Sura ya Sita: Fungu Lisilo Letu

Jioni mjini Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, chungu kinapoteremshwa, mara nyingi ndani yake mna sombe, yaani majani ya mihogo yaliyotwangwa yakapikwa kwa mawese, na pembeni bukari, ugali wa mihogo. Siku ya neema huongezwa maharagi, au samaki kutoka mto Lualaba. Watu hunawa, humega, hushiba. Ila si kila kinachomezwa pale ni cha mlaji. Sehemu ya sombe ile, sehemu ya maharagi yale, na hata kipande cha wanga wa bukari, vitapita tumboni na kuuvuka utumbo mwembamba wote bila kuvunjwa, kwa kuwa mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuvifungua. Baada ya saa kadhaa vitafika utumbo mpana vikiwa vizima, na huko vitakuta wenyewe wakingoja.

Wenyewe ni bakteria. Katika utumbo mpana wa mtu mzima wamo kwa matrilioni, kiasi cha kukaribia idadi ya seli zote za mwili wake. Wanaishi gizani, pasipo oksijeni, kwa kuchachusha kile tusichoweza kukisaga. Wanapokichachusha hutoa asidi tatu nyepesi, yaani asetati, propionati na butireti. Ya mwisho ndiyo ya kushika. Seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana hupata karibu asilimia 70 ya nishati yao kutoka kwenye butireti. Hazilishwi na damu kwanza, kama seli nyingine za mwili. Hulishwa kutoka ndani ya utumbo, na hao wapangaji. Zikilishwa vizuri hushikamana, huzungukwa na ute mzito, na huvuta maji na chumvi kuvirudisha mwilini. Asidi hizo pia huufanya utumbo uwe mkali kidogo, hali isiyowapendeza vijidudu vingi vya kuharisha. Bakteria wakikosa chakula cha mimea, baadhi yao hugeukia ute wenyewe wakaanza kuula, na ukuta hubaki wazi.

Chakula hicho cha bakteria ndicho wataalamu wanachokiita prebiotiki. Wapo pia wanaouza probiotiki, yaani bakteria hai wenyewe, kama walio ndani ya maziwa mgando. Wauzaji huvitaja viwili hivi kwa pumzi moja, lakini ni vitu mbalimbali: probiotiki ni mlaji, prebiotiki ni mlo wake. Neno lilizaliwa mwaka 1995, katika makala ya Glenn Gibson, Mwingereza, na Marcel Roberfroid, profesa wa Ubelgiji. Mwaka 2017 jopo la wanasayansi lilirekebisha maana yake: ni kitu kinachotumiwa na vijidudu fulani vya mwilini, na matumizi hayo yakamfaidi mwenye mwili. Kwa hiyo si kila unyuzi wa mmea unastahili jina hilo. Kuna nyuzi zinazopita tu, zikaongeza choo na kukilainisha, na hiyo nayo ni kazi ya maana. Prebiotiki ni lazima iliwe na bakteria wafaao.

Kwamba mmoja wa waasisi wa wazo hili alikuwa Mbelgiji si jambo la bahati. Ubelgiji hulima chikori, mmea ambao mizizi yake ilikuwa ikikaangwa na kusagwa kuwa mbadala wa kahawa, na mizizi hiyo imejaa inulini, prebiotiki iliyochunguzwa kuliko nyingi. Leo viwanda vya huko huitoa inulini, huikausha, na kuiuza duniani kote katika vikopo na ndani ya biskuti. Nimeona jamaa zetu walioko Ulaya wakimtumia mama yao mzee kikopo cha unga huo, kwa nauli kubwa kuliko bei yake, ili kimsaidie choo. Mapenzi ya watoto kwa mzazi hayana kosa. Lakini mama huyo ana kitunguu jikoni, ana kunde shambani, ana mkungu wa ndizi mbichi nyuma ya nyumba, na hakuna aliyemwambia kwamba dawa aliyotumiwa ni jamaa ya vitu hivyo. Ndiyo sababu ya sura hii.

Dunia ilianza kuuheshimu unyuzi wa chakula kwa kujifunza kutoka Afrika Mashariki. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi Uganda kwa miaka mingi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikutana na mwenzake Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, aliyeingia Uganda mwaka 1946. Wote wawili waliona kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama vile kufunga choo kwa muda mrefu, vijifuko vya utumbo mpana na saratani ya utumbo huo, yalikuwa nadra mno kwa wakulima wa Uganda. Burkitt aliamua kupima kitu ambacho wakubwa wa tiba waliona haya kukitaja: uzito wa choo, na muda ambao chakula huchukua kutoka mdomoni mpaka nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Wanavijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita ndani yao kwa takriban saa 36. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa gramu 100 na ushee, na kwao chakula kilichukua zaidi ya saa 80.

Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi inayosimuliwa kila mahali, nayo humpendeza kila Mwafrika anayeisikia: chakula cha bibi zetu kimeshinda. Ipo sehemu nyingine, na inamhusu Trowell huyohuyo. Kabla hajaandika lolote juu ya nyuzi, alitumia miaka mingi kando ya vitanda vya watoto wa Uganda waliovimba miguu na uso, nywele zao zikigeuka rangi, ngozi ikibanduka. Mwaka 1954 alitoa na wenzake kitabu kizima kuhusu kwashiakoo. Watoto hao walikuwa wakila matoke, mihogo na viazi vitamu. Nyuzi na wanga walikuwa navyo. Walichokosa ni protini na virutubisho vingine vingi. Daktari mmoja, nchi moja, milo ileile ya mizizi na ndizi: kwa mtu mzima aliyepata na maharagi yake, mlo huo ulikuwa kinga, kwa mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa wanga mtupu, ulikuwa kaburi. Ukitaka kuongea ukweli kuhusu prebiotiki katika Maniema ya kusini, huna budi kuyabeba yote mawili.

Tuanze na neema iliyopo.

Ndizi mbichi ndiyo hazina kubwa kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa. Ikiwa bado ya kijani, sehemu kubwa ya uzito wake mkavu ni wanga, na wanga huo umefungwa kwa namna ambayo vimeng'enya vyetu hushindwa kuupenya. Wataalamu huuita wanga sugu. Ndizi ikiiva, wanga hugeuka sukari na faida hiyo huyeyuka. Kuipika hupunguza usugu, hakuumalizi, na ikipoa baada ya kupikwa, sehemu ya wanga hujifunga upya. Bangladesh walilipima jambo hili kwa watoto wachanga. Mwaka 2001 daktari Rabbani na wenzake wa Dhaka walichapisha habari za watoto wa miezi 5 hadi 12 walioharisha zaidi ya wiki mbili bila kukoma. Wengine walipewa chakula cha wali mtupu, wengine wali uliochanganywa na ndizi mbichi iliyopikwa na kupondwa, na kundi la tatu wali wenye pektini, unyuzi wa matunda. Siku ya nne, zaidi ya robo tatu ya waliokula ndizi walikuwa wamepona. Waliokula wali peke yake hawakufika robo. Sababu ndiyo ile niliyoieleza: bakteria waliigeuza ndizi kuwa asidi, na asidi hiyo iliuamsha utumbo mpana uvute maji na chumvi badala ya kuviachia. Mama wa Kabambare, jirani ya Kasongo, hahitaji kusafirishiwa chochote ili afanye vivyo hivyo. Anahitaji ndizi ambayo haijaiva, maji safi ya kuichemshia, na mtu wa kumwambia kwamba inafaa.

Maharagi na kunde ni hazina ya pili. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyopikwa hutoa nyuzi kati ya gramu 11 na 15, karibu nusu ya gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima azifikishe kwa siku. Tena humo mna sukari mbili, rafinozi na stakiozi, ambazo sisi hatuzisagi hata kidogo na bakteria huzipenda mno. Gesi inayowafanya watu wayakimbie maharagi inatokana na karamu hiyo. Mtu aliyeyaacha muda mrefu akiyala sahani nzima kwa siku moja, atateseka. Akianza kwa kidogo, akaongeza wiki baada ya wiki, bakteria huzoea na gesi hupungua. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale hupunguza sehemu ya sukari hizo, na kuokoa kuni pia. Mimi nayaona maharagi kuwa ndiyo chakula kimoja kinachozijibu pande zote mbili za hadithi ya Trowell, kwa kuwa yanalisha bakteria kwa nyuzi na yanamlisha mtoto kwa protini. Ningekuwa na sauti katika mipango ya kilimo ya Maniema, ningeanzia hapo.

Sombe, lengalenga na matembele ni majani, na majani ni nyuzi nyingi pamoja na protini isiyo haba, hasa katika sombe. Kitunguu na kitunguu saumu vina inulini ileile ya chikori, ingawa kiasi kinachotiwa chunguni ni kidogo. Karanga nazo zina nyuzi, mafuta na protini, na mchuzi wa karanga juu ya majani ni mchanganyiko ambao maabara ya Ulaya isingeupanga vizuri zaidi.

Mpunga una historia ndefu hapa. Wangwana waliotoka pwani na Ujiji katika karne ya 19, wakapita Kabambare na kuweka makao Kasongo chini ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, ndio walioueneza, na tangu hapo wali umekuwa chakula cha Maniema kuliko majimbo mengi ya jirani. Mpunga unaotwangwa kwa kinu hubaki na sehemu ya pumba yake ya ndani, na humo ndimo nyuzi na vitamini vilimo. Mashine ya kukoboa huuacha mweupe na mtupu. Simwambii mama arudi kwenye mchi kwa ajili ya nyuzi za wali. Mikono yake imechoka vya kutosha, na maharagi pembeni ya wali mweupe hulifidia pengo hilo mara nyingi.

Kuhusu wali uliopoa, hapa naomba msomaji asimame kidogo. Ni kweli kwamba wali, mihogo na viazi vikipikwa kisha vikapoa, wanga sugu huongezeka. Habari hii imeenea, na watu wanashauriana kula kiporo kwa afya. Ushauri huo ulitolewa na wenye friji. Ndani ya wali huishi mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilazwa ndani ya sufuria katika joto la Kasongo, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Penye umeme wa kuaminika na friji, poza wali haraka na uuhifadhi humo. Pasipo hivyo, upike wa kutosha mlo mmoja, uule siku ileile, na wanga sugu uutafute kwenye ndizi mbichi na kunde.

Mihogo inadai tahadhari nyingine. Mizizi yake ina linamarini, kemikali inayoachia sayanidi. Kuilowesha siku tatu au nne majini mpaka ilainike, kisha kuikausha na kuisaga, ni kazi ya chachu: bakteria wa majini huivunja sumu ile kabla haijatufikia. Sombe nayo hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika kuhusu ugonjwa wa miguu kupooza ghafla katika Kwango, magharibi ya Kongo, ugonjwa ambao wenyeji waliuita konzo. Huzuka pale ambapo njaa au haraka ya soko hufupisha siku za kulowesha mihogo, na watu hawana chakula kingine chenye protini. Mwaka 2021 watafiti waliochunguza bakteria wa matumbo ya watu wa Kwango, kwenye vijiji vyenye konzo, walionyesha kwamba hata hao wapangaji wetu wanahusika. Baadhi yao wana vimeng'enya vinavyoifungua linamarini ndani ya utumbo na kuiachia sayanidi. Bakteria hula kinachowafikia. Vifaa wanavyovitumia kufungulia nyuzi nzuri ndivyo vinavyoweza kufungua sumu, nasi ndio tunaochagua kitu cha kuwafikishia. Kwa hiyo siku zile za kulowesha zisifupishwe hata soko likivuta.

Sasa upande wa pili. Nimesikia wataalamu wa lishe wa mijini wakizungumza kana kwamba kila Mwafrika amepoteza nyuzi na anahitaji kurudishiwa. Kwa Nairobi na Dar es Salaam huenda wana hoja. Mwaka 2015 jarida la Nature Communications lilitoa utafiti ambamo Wamarekani weusi wa Pittsburgh na Waafrika wa vijijini KwaZulu, Afrika Kusini, walibadilishana milo kwa wiki mbili. Waliopewa mlo wa kijijini, wenye nyuzi nyingi na mafuta kidogo, walipandisha butireti yao mara mbili na nusu. Waliopewa nyama na chipsi, butireti ilishuka na dalili za hatari ya saratani zilipanda. Wiki mbili tu. Jambo hilo linamhusu pia kijana wa machimbo ya dhahabu ya Salamabila, katika Kabambare, anayepata fedha asubuhi na kuishi kwa mikate, biskuti na soda, huku mashamba ya wazazi wake yakiota majani.

Lakini katika nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare, nyuzi si kitu kinachokosekana. Kinachokosekana ni mchanganyiko. Vita vya 1996 hadi 2003, na makundi yenye silaha yaliyobaki baadaye, viliwafukuza watu mashambani, vikamaliza mbuzi na kuku, vikawafunza watu kulima mihogo peke yake kwa kuwa huweza kukaa ardhini ikimngoja mwenyewe arudi kutoka msituni. Muhogo ni mwaminifu kwa mkimbizi. Ila unampa mtoto wanga na karibu hakuna protini. Na tumbo la mtoto ni dogo: ukilijaza bukari na nyuzi, atashiba kabla hajapata nguvu anayoihitaji. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, kuongeza unyuzi juu ya mlo maskini kunaweza kumdhuru. Sentensi hiyo ningependa ibandikwe kwenye kila kikopo cha prebiotiki kinachoingia nchini.

Kasongo ina nafasi yake katika historia ya maswali haya. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp iliendesha hapa, pamoja na wauguzi na wakunga wa mahali, Mradi wa Kasongo, uliojulikana duniani kwa kupanga huduma za afya za msingi. Mwaka 1981 timu hiyo ilichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35. Waliona faida ya chanjo ikififia kadiri watoto walivyokua, wakahofia kwamba mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua huangushwa na maradhi mengine. Tafiti za baadaye, hasa za Guinea-Bissau, zilionyesha kwamba faida ya chanjo hiyo hudumu. Hata hivyo swali walilouliza lilikuwa la haki. Mtoto hafi kwa jambo moja. Kuhara humwondolea hamu ya kula, njaa huudhoofisha ukuta wa utumbo, ukuta dhaifu hupitisha vijidudu, naye akaharisha tena. Maji machafu yakiendelea kuingia katika mzunguko huo, vijidole vidogo vya utumbo mwembamba vinavyovuta chakula husawazika, na mtoto anakula bila kukua. Hakuna prebiotiki inayoweza kushindana na kisima kilicho jirani na choo.

Kinachonipa tumaini kimetoka Bangladesh tena, na orodha yake ukiisoma utadhani imeandikwa sokoni Kasongo. Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, na Tahmeed Ahmed wa Dhaka, walijiuliza kwa nini watoto waliotibiwa utapiamlo hubaki na bakteria wachanga tumboni, wasiolingana na umri wao. Walitafuta vyakula vya kawaida vinavyoweza kuwakomaza bakteria hao. Walichokipata ni unga wa karanga, unga wa soya, unga wa dengu, na ndizi mbichi iliyopondwa. Mwaka 2021 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lao kwa watoto 118 wa miezi 12 hadi 18, wakazi wa mtaa wa Mirpur, Dhaka, ambapo nusu yao walikula mchanganyiko huo kwa miezi mitatu. Walikua haraka kuliko wenzao waliopewa chakula cha nyongeza cha kawaida, ingawa mchanganyiko huo ulikuwa na nishati ndogo zaidi. Humo nyuzi hazikuja peke yao: zilikuja zimeshikana mikono na protini na mafuta, na ndipo mtoto na wapangaji wake wakala pamoja. Karanga, soya na ndizi zinaota Maniema. Dengu ni adimu, lakini kunde zipo, na lishe yake haiko mbali.

Pwani ya Kenya nako kuna somo. Katika Kwale, watafiti wa Zurich na wenzao wa Kenya waliona kwamba watoto wachanga waliowekewa unga wa madini ya chuma kwenye uji wa mahindi, ili kuzuia upungufu wa damu, walipata pia bakteria wengi wabaya, kwa sababu vijidudu vya maradhi navyo hupenda chuma. Mwaka 2017 walichapisha jaribio la watoto 155: chuma kikiambatana na prebiotiki inayotokana na sukari ya maziwa, madhara hayo yalipungua, na bakteria wema wakashika nafasi. Huo ni mfano wa pale ambapo unga wa kiwandani una kazi ya kweli. Siupingi popote unapoingia na hoja. Napinga kuuzwa kwake kwa mtu ambaye shamba lake limeshampa.

Na kabla ya vyote hivyo yapo maziwa ya mama. Ndani yake mna sukari za aina zaidi ya 150 ambazo mtoto mchanga hawezi kuzisaga kabisa. Baada ya sukari ya laktozi na mafuta, ndicho kitu kigumu cha tatu kwa wingi katika maziwa hayo, gramu 5 hadi 15 kwa kila lita. Mwili wa mama hutumia nguvu zake kutengeneza chakula ambacho mwanawe hatakitumia, ili kimfikie bakteria mmoja hasa, bifidobakteria, aliyezaliwa na uwezo wa kukila. Bakteria huyo akijaa, hulichachusha tumbo la mtoto na kuwafungia mlango wageni wabaya. Bibi anayempa mjukuu wa wiki mbili kijiko cha maji au cha uji, kwa kumwonea huruma, huwaingiza wageni hao siku ambayo walinzi bado ni wachache. Miezi sita ya kwanza maziwa yanatosha, maji yamo ndani yake, hata wakati wa jua kali.

Kitu kinachoharibu kazi hii yote kwa siku chache ni vidonge. Katika vijiduka vya dawa, amoksisilini na metronidazoli huuzwa moja moja kama pipi kwa kila anayelalamika tumbo. Wakati mwingine huokoa maisha, lakini kuhara kwa kawaida kwa mtoto hakuhitaji antibiotiki; vidonge hivyo huwaua wapangaji wema pamoja na wabaya, na vijidudu sugu vikabaki na nyumba. Antibiotiki ni za kuhara kwenye damu, au kipindupindu kikali, kwa uamuzi wa muuguzi.

Mtoto akianza kuharisha leo usiku Kasongo au Kabambare, mambo ya kufanya yanajulikana. Apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa na maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo na mara nyingi. Anayenyonya aendelee kunyonya, hata zaidi ya kawaida. Aliyekwisha kuanza kula asikatazwe chakula: uji wa mchele wenye ndizi mbichi iliyochemshwa na kupondwa, na kijiko cha karanga zilizosagwa laini. Zinki apewe kila siku kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20, au 10 kama hajafikisha miezi sita, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ikivutwa isirudi upesi, damu ikionekana, au akishindwa kunywa, asingojewe asubuhi. Na akishapona, kwa wiki mbili aongezewe mlo mmoja kwa siku, maana wakati huo mwili wake na wapangaji wake wote wana deni la kulipwa.